Mikono ya Gauni la Saumu

Mafuta ya cherehani, yakiwa kichupani, hayanuki kitu cha maana. Lakini yakishaingia kwenye chuma na kukutana na vumbi la nyuzi na jasho la mikono, hutoa harufu yake, nzito kidogo, tamu kidogo, ambayo sijapata kuifananisha na nyingine. Naweza kuwa katikati ya soko la Chake Chake siku ya Jumatatu, nabishana na muuza ndizi, ikapita harufu ile kutoka barazani kwa fundi fulani, na mabega yangu yakashuka yenyewe. Mwili unadhani ni Ijumaa jioni na mama anaifunika cherehani.

Nikueleze, maana kwa asiyelelewa nyumbani kwetu jambo hili halieleweki.

Wazazi wangu walitoka Upareni. Baba alikuja Pemba akiwa kibarua wa ujenzi kule bandarini Wesha. Kazi ikaisha, hamu ya kisiwa haikumwisha, akapanga nyumba Jadida, mjini Wete, na mama akamfuata, mimi mgongoni na cherehani ya miguu juu ya gari la ng'ombe. Tulikuwa Wakristo wa kushika Sabato, siku ya Jumamosi, na katika mji mzima tulikuwa watu tisa, ukimhesabu na mtoto wa mwalimu ambaye alikuwa bado ananyonya. Majirani wote walikuwa Waislamu, na walitupokea vizuri. Jina langu Rehema nalo lilisaidia. Watu wengi hawakugundua kama mimi si wa chuoni mpaka waliponikosa chuoni, kwenye darasa la Kurani.

Sabato huanza jua linapotua siku ya Ijumaa, na Jadida jua lilikuwa na mtangazaji wake. Muadhini wa msikiti wa karibu akianza adhana ya Magharibi, mama huinua miguu kwenye pedali. Mpaka nafika miaka saba niliamini kabisa kwamba mzee yule, siku za Ijumaa, anaadhini kwa ajili yetu. Niliwahi kumwambia mama tumpelekee maandazi ya shukrani. Akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akayapika, nikayapeleka, na mzee akayapokea bila kuuliza.

Kabla ya adhana hiyo kulikuwa na kazi ya mikono miwili, wake na wangu. Chakula cha kesho kilikuwa kimeshapikwa. Mimi nafagia vipande vya nguo chini ya meza, nakusanya pini, nafuta mashine kwa kitambaa kikavu. Mama anatia mafuta, tone moja kila tundu, anazungusha gurudumu kwa mkono mara tatu, halafu anaiacha. "Mafuta hayaingii mashine ikiwa inakwenda," alikuwa akisema. "Yanataka isimame." Kisha anaitandikia kanga yake ya zamani, iliyoandikwa Riziki Haivutwi kwa Kamba, anapiga juu yake kwa kiganja kama anayemlaza mtoto, basi. Mpaka kesho jua litue, hakuna mtu wa kuigusa.

Mimi, niseme kweli, niliiona Sabato kuwa siku ya mikatazo. Usikimbie, usifue, usicheze rede na Saumu. Jumamosi ndiyo siku Saumu alikuwa huru kutwa nzima, na mimi nimekaa kwenye mkeka nakariri majina ya mitume.

Saumu alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya pili, amezaliwa mwezi wa mfungo, ndipo akaitwa hivyo. Mama yake, Bi Raya, alikuwa mshona kofia. Hakuwa na mashine. Alikuwa na sindano, uzi mweupe na macho ya ajabu, na vitundu vya kofia zake vilikuwa vidogo hivi kwamba ukitia kofia machoni unaona jua limekuwa nyotanyota. Kati ya nyumba yao na yetu kulikuwa na sahani moja ya bati yenye ua jekundu. Sikumbuki mwenye sahani hasa nani. Ilikuja na boko boko, ikarudi na ndizi, ikaja na mkate wa kumimina, ikarudi na makande ya Kipare ambayo Bi Raya alisema ni chakula cha watu wenye subira. Mwezi wa Ramadhani ilikuja kila jioni, ingawa sisi hatukufunga, na haikurudi tupu hata siku moja.

Sasa, mafundi wana sifa yao, unaijua: njoo kesho. Mama yangu hakuwa hivyo. Fundi Namkunda akikwambia Alhamisi, basi ni Alhamisi, na nguo imepigwa pasi. Kwa ajili hiyo, kila mwaka ikikaribia sikukuu, vitambaa vilijaa nyumbani mpaka tukawa tunalala na mafungu ya nguo za watu. Alipokea kwa hesabu, siku kwa siku, na Ijumaa ya mwisho aliiacha wazi kwa dharura. Alikuwa hajawahi kushindwa.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa ndio aliposhindwa, au karibu ashindwe. Mkanda wa cherehani ulikatika Jumanne asubuhi, na dukani hakukuwa na mwingine. Ulisubiriwa kutoka Unguja, ukafika Alhamisi na meli. Sindano nazo zilizokuwa zimeagizwa hazikuja. Kila fundi Wete alikuwa anavunja sindano msimu ule na maduka yalikuwa yamekauka. Mama alikuwa na moja tu, iliyokuwa mashineni. Akaanza kushona Alhamisi adhuhuri, akanyoosha mgongo Ijumaa alfajiri, akaendelea. Moja moja nguo zikaondoka. Kufikia Ijumaa jioni ilibaki moja tu, ya Saumu.

Gauni hilo aliliweka la mwisho kwa sababu walikuwa jirani, na jirani ndiye mtu unayethubutu kumngojesha. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na alilikiri mwenyewe baadaye.

Kitambaa kilikuwa cha kijani kibichi chenye maua madogo meupe. Saumu alilala nacho chini ya mto wiki mbili kabla ya kukileta. Mwaka uliotangulia babake alikuwa mgonjwa na Saumu hakushonewa. Alishinda ndani siku zote nne za sikukuu, akisema hapendi kwenda kiwanjani kwa vumbi. Mimi peke yangu nilijua kwamba alikuwa anachungulia dirishani. Mwaka ule aliniambia mara kumi kwa siku mikono itakuwa ya puto, yaani iliyojaa juu na kubana kwenye kisugudi cha mkono.

Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani. Mwezi ukionekana jioni ile, sikukuu Jumamosi. Usipoonekana, wanatimiza thelathini, sikukuu Jumapili. Mama alishona huku akiliangalia dirisha. Kiwiliwili kikatimia, kola ikakaa. Mikono ilikuwa imekatwa, ipo juu ya meza, na pindo bado. Nikamwona anaongeza mwendo, pedali inalia kakaka kakaka, jasho linamtiririka puani, na mimi nimesimama na kichupa cha mafuta mkononi naomba muadhini apaliwe na kikohozi.

Hakupaliwa.

Mama aliinua miguu. Aliushika mkono mmoja wa gauni, akautazama, akaurudisha mezani. Akakata uzi. Hakukuwa na nafasi ya kutia mafuta Ijumaa ile. Alifunika kanga tu, akapiga kiganja, akaenda kunawa uso, na nikamsikia akikaa kule uani muda mrefu bila maji kumwagika.

Mawingu yalitanda jioni ile. Watu walisimama njiani wakitazama juu, watoto wakapiga kelele za kudanganyana, lakini redio ya Bi Raya ikasema mwezi haukuandama. Haukupita muda Bi Raya akaingia kwetu bila kubisha, ushungi unaburura, Saumu nyuma yake ameshika ncha ya kanga ya mamake.

"Bi Namkunda! Umesikia? Mwezi haukuandama! Mungu katupa siku nyengine!"

"Nimesikia, Bi Raya. Karibu ukae."

"Sikai. Nakwambia tu usihangaike na leo. Lala upumzike, kesho utamaliza kwa nafasi yako."

Mama akashusha pumzi. "Kesho ni Sabato, dada. Siku hiyo si yangu. Jua likishatua kesho nitakaa, na sitainuka mpaka liishe."

Bi Raya alimtazama, akaitazama cherehani iliyofunikwa, akamtazama tena. "Mikono tu na pindo. Saa mbili hazifiki."

"Hazifiki."

"Na kesho jioni taa ikizimika? Ukiumwa? Mwana yuno atavaa nini? Kwani cherehani hino ikizunguka mara moja Mungu atakasirika?"

"Sijui kama atakasirika. Ninalojua nimempa neno."

"Na mie je?" Sauti ya Bi Raya ilishuka, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mie hukunipa neno?"

Ni kweli mama alikuwa amempa. Bi Raya aligeuka akatoka, hata buriani hakusema, yeye ambaye kuagana kwake kulikuwa kunachukua robo saa. Saumu alibaki kidogo mlangoni. Hakuniangalia kwa hasira, ingekuwa nafuu. Aliniangalia kama ananiaga.

Sahani ya ua jekundu haikuja jioni ile. Tulikula vyakula vyetu wenyewe na baba akasema vinatosha.

Usiku huo niliwaza, na asubuhi nilikuwa na hoja. Mwalimu wetu wa somo la watoto alikuwa ametufundisha kwamba ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato unaruhusiwa kumtoa, kwa kuwa Bwana mwenyewe alisema kutenda mema siku hiyo ni halali. Nikaligeuza neno lile huku na huku. Nikaamua kwamba gauni la Saumu ni ng'ombe. Mama, kwa ushupavu wake, amemwacha shimoni, basi mimi nitamtoa. Nilikuwa na dhamira kama ya mtume. Nikashika tumbo, nikalalamika, nikakunja uso mpaka mama akaniwekea mkono kwenye kipaji cha uso na kusema nibaki nimelala. Wao wakaenda kuabudu nyumbani kwa mwalimu, mwendo wa dakika kumi.

Walipopinda kona nikaifunua cherehani.

Nilikuwa najua kushona viraka, na nilijiona fundi. Nikatia mkono wa kwanza, nikakanyaga. Mwanzo ulikwenda vizuri, sauti yake ile ile ya mama, nikaanza hata kuimba. Kisha kitambaa kikawa kizito, nikakisukuma, nikakanyaga kwa nguvu zaidi kwa sababu nilidhani uzito ni uvivu wa mashine. Pakatokea mlio mmoja mkavu. Nusu ya sindano iliruka ikapiga ukutani.

Nilipolitoa gauni niliona nilichofanya. Mkono ulikuwa umegeuka ndani nje, na chini yake nilikuwa nimebeba kifua cha gauni bila kujua, nikavishona pamoja. Limejifunga kama mtu aliyekunja mikono akakataa kusema. Na juu ya maua meupe, pale sindano ilipokatikia, palikuwa na tundu.

Sikulia. Nilikuwa nimeganda. Nilikaa kwenye kiti cha mama mpaka waliporudi, saa saba, na mama akanikuta hivyo hivyo, gauni magotini.

Alisimama mlangoni na viatu vyake vya kanisani mkononi. Baba akaingia, akaona, akatoka tena uani, maana alimjua mkewe. Mama alikuja taratibu. Aliinama akaokota kipande cha sindano sakafuni kisije kikamchoma mtu. Alilichukua gauni, akaligeuza, akaliona tundu. Akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mashine, akalifunika na kanga.

"Mama, fumua," nikasema. "Fumua sasa hivi, bado kuna muda."

"Leo hakufumuliwi wala hakushonwi."

"Basi nipige."

"Hata kukupiga ni kazi," akasema. "Njoo ulale."

Akatandika mkeka pale pale, chini ya meza ya cherehani, akajilaza ubavu, akanivuta mgongo wangu kwenye kifua chake. Nilisikia harufu ya mafuta juu yetu. Nilisubiri anisute, hakunisuta. Alivuta pumzi ndefu, moja, mbili, na baadaye pumzi zake zikawa za mtu aliyelala. Sikuamini. Jirani amenuna, neno lake limeanguka, sindano hakuna, gauni lina tundu, sikukuu ni kesho, na huyu mwanamke amelala! Nilimkasirikia kuliko nilivyojikasirikia. Nililala macho nikihesabu boriti za dari, na kila nilipojitikisa mkono wake ulinibana kidogo, nikatulia. Sijapata kuuona mchana mrefu kama ule. Mahali fulani katikati yake hasira ilinichoka, na nadhani nilisinzia.

Adhana ya Magharibi ilipoanza, mama alisimama kabla haijafika neno la pili. Akasema sala fupi akiwa wima, ya kuiaga Sabato, akanigeukia. "Nenda kamwite Bi Raya. Mwambie mama anaomba msaada wake, na kosa ni letu."

"Aje na nini?"

"Aje na mikono."

Nilikwenda kama ninayepelekwa kunyongwa. Bi Raya alikuwa na tende mdomoni, ndiyo kwanza anafuturu mfungo wa mwisho. Nikamwambia yote, ng'ombe na shimo na sindano, kwa sababu nilishaanza kulia na nikianza kulia siwezi kuchagua maneno. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilimwona Saumu nyuma yake akifunika mdomo kwa viganja viwili. Bi Raya akatema kokwa ya tende, akachukua kijaluba chake cha sindano, akasema, "Twende."

Alipoliona gauni alilipeleka karibu na taa akalichungulia tundu. "Hili nitalitia ua," akasema. "Maua mangapi hapa? Moja zaidi nani atajua?" Wakakaa mkekani, magoti yao yanagusana. Mama alifumua, kisha wakagawana, mkono wa kulia wa mama, wa kushoto wa Bi Raya, kwa sindano za mkononi. Mimi na Saumu tulikunja pindo na kulishikiza kwa pini, tukapasha pasi ya mkaa. Sahani ya ua jekundu ilikuwa katikati yetu imejaa, Bi Raya alikuwa ameibeba kwa mkono wa pili bila mimi kuona.

"Bi Namkunda," akasema baada ya muda, macho kwenye uzi. "Kweli mchana ulilala?"

"Rehema kakwambia?"

"Kanambia. Mie, wallahi, tangu kuolewa sijalala mchana. Nkikaa nashona, nkisimama napika. Jana nlikasirika, lakini leo kutwa nalikuwa nakuwaza. Nasema, mwanamke yule kampata wapi wa kumruhusu?"

Mama akavuta uzi. "Sikupewa ruhusa, dada. Niliamriwa."

Bi Raya akacheka kicheko chake kikubwa, na hapo nikajua nyumba mbili zimepona. Kabla ya usiku wa manane gauni lilikuwa limekamilika. Mama aliniambia jambo moja tu kuhusu siku ile, wakati akizima mkaa wa pasi: "Ng'ombe wako hakuwa shimoni. Alisimama ukingoni, wewe ukamsukuma."

Jumapili Saumu alikwenda kiwanjani. Ukitazama vizuri, mikono ya gauni haikufanana. Wa kulia ulikuwa na mshono wa fundi, umenyooka, wa haraka. Wa kushoto ulikuwa na vitundu vidogo vya kofia. Alipoulizwa alisema ndiyo mtindo, na sikukuu ya pili kuna msichana alimwomba mamake amshonee vile.

Ningependa kumalizia hapo, na kwa miaka mingi nilisimulia hivyo, kama hadithi ya kuchekesha kuhusu ng'ombe. Lakini mimi nilikua, nikaenda Unguja, nikaajiriwa kwenye karakana ya kushona sare za mahoteli. Wageni walipojaa hatukuwa na Jumamosi, hatukuwa na Ijumaa wala Jumapili. Nilijiambia Mungu anaelewa, nitapumzika kazi ikiisha. Miaka mitatu nilisubiri iishe. Siku moja nilisimama kwenda kunywa maji, nikaona meza zinazunguka, nikazinduka kwenye sakafu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuuliza nani anaendelea na kipande changu. Wakanipeleka nyumbani Pemba kupumzika, na sikuweza. Mikono ilikuwa inapapasa shuka kama inayosogeza kitambaa.

Mama alikaa kitandani pangu, akaiweka mikono yake juu ya yangu. Ukucha wa kidole chake cha shahada, cha mkono wa kushoto, ulikuwa umepasuka katikati tangu nimjue, kama ukwato wa mbuzi. Nilipokuwa mdogo nilidhani mafundi wote wako hivyo. Siku ile ndipo aliponieleza. Alipokuwa msichana huko bara alimshonea mtu mmoja, wiki mfululizo bila siku ya kukaa, akasinzia mguu ukiwa kwenye pedali, sindano ikapita kwenye ukucha ikatokea upande wa pili. "Yule bwana hakuwa mbaya," akasema. "Kazi ndiyo haikuwa na mwisho, na hakukuwa na mtu wa kusema basi. Kidole kilipokuwa kinapona ndipo nikaanza kuisoma amri ya nne. Zamani niliisikia ikisema usifanye. Nikaisikia inasema, wewe si mtumwa wa mtu, simama."

Nikamkumbusha gauni la Saumu. Nikamwambia, wewe una imani, mama, mimi sina. Ulilala siku ile kama mtoto.

Akanitazama kwa mshangao. "Nani alilala?"

"Wewe. Mkekani. Nilikusikia."

"Nilifumba macho, mwanangu. Nilivuta pumzi kwa kuhesabu, ili wewe ulale. Moyo wangu ulishona kutwa nzima. Nilifumua ule mkono nikaushona, nikaufumua nikaushona, mara ngapi sijui. Nilimwona Raya, nilimwona Saumu dirishani. Hakuna siku niliyotaka kuinuka kama siku ile."

"Sasa ulipumzika nini?"

"Mikono," akasema. "Nilimpa Mungu mikono kwanza. Nikamwambia moyo utafuata ukiweza. Siku nyingine hufuata, siku nyingine haufuati mpaka jua linatua. Lakini ukingoja moyo utulie ndipo usimame, hutasimama."

Nililia kwa sababu nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani pumziko ni kipaji, wengine wanacho na wengine hatuna. Kumbe mama yangu alikuwa amelala pale akipigana, mkono wake juu yangu, na mimi nikamwona mzembe. Nilibaki Pemba. Karakana walinipigia simu mara mbili, kisha wakaacha.

Sasa cherehani ile ni yangu, na chumba cha mbele ni duka. Saumu huleta nguo za wanawe mapema mno, akisema hataki kushona mkono kwa mkono tena. Lakini wateja wengine hawajui, na mikanda bado hukatika. Ijumaa iliyopita nilikuwa na joho la binti anayehitimu, anatakiwa kulivaa Jumapili asubuhi. Lilibaki upande mmoja. Simu ilikuwa inaita mezani. Nilitia mafuta, tone moja kila tundu, nikazungusha gurudumu mara tatu. Adhana ikaanza, nikainua miguu, nikatandika kanga ambayo maandishi yake sasa yamefutika, nikapiga kiganja.

Nikatandika mkeka chini ya meza, nikajilaza. Moyo ulikuwa bado unashona. Mikono niliiweka kifuani, nikaiacha hapo.